Udongo uliochoka na mtoto asiyerefuka

Mzazi aliyewahi kumpeleka kituo cha afya mtoto anayeharisha anavifahamu vidonge vya zinki. Unapewa pakiti za ORS za kurudisha maji na chumvi mwilini, kisha vidonge vidogo vinavyoyeyuka kwenye kijiko cha maji safi au maziwa ya mama. Muuguzi anakusisitiza umpe mtoto kila siku kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu. Aliye chini ya miezi sita hupewa nusu kidonge. Wazazi wengi huacha siku hiyohiyo ya tatu na vidonge vilivyobaki huishia juu ya kabati.

Ni kosa kuacha, na sababu yake inastahili kuelezwa. Kidonge kile hakipewi kwa ajili ya kuharisha kwa leo tu. Kinarudisha madini ambayo mtoto amepoteza kwa kuharisha na ambayo huenda hakuwa nayo ya kutosha tangu mwanzo. Zinki hujenga kinga, husaidia utumbo uliochubuka kupona, humrudishia mtoto hamu ya kula, na bila yake mwili haurefuki inavyopasa.

Swali ambalo wazazi huuliza kwa nadra ni hili: mtoto asiyemeza vidonge anaipata wapi zinki yake? Jibu ni kwenye chakula. Na chakula kinaipata wapi? Udongoni. Mmea unaweza kujitengenezea sukari kwa jua, maji na hewa, na hata vitamini kadhaa, lakini hauwezi kutengeneza zinki, madini chuma, wala seleni. Hivyo lazima uvinyonye kwa mizizi. Ng'ombe, mbuzi na kuku wanavipata kwenye majani na nafaka wanazokula. Udongo usipokuwa navyo, au ukiwa navyo lakini umevifungia, hakuna mahali pengine pa kuvitoa isipokuwa dukani au kwenye dirisha la dawa.

Ndiyo maana safu ya afya leo inazungumzia udongo. Tunasikia habari zake kila tarehe 5 Desemba, Siku ya Udongo Duniani, na kwa kawaida anayezungumza ni mtu wa kilimo au wa mazingira. Watu wa afya huwa hatupo.

Vijana wa Shiraz

Mwaka 1958 daktari mmoja mzaliwa wa India, Ananda Prasad, alifika mji wa Shiraz nchini Iran kufanya kazi. Miongoni mwa wagonjwa wa mwanzo alioonyeshwa alikuwa kijana wa miaka 21 mwenye mwili wa mtoto wa miaka 10 hivi. Alikuwa mfupi, hajabalehe, ini na bandama vimevimba, damu imepungua sana. Chakula chake kilikuwa mkate wa ngano karibu kila mlo na nyama aliiona kwa nadra. Tena alikuwa akila udongo. Haukupita muda Prasad akaona wengine wa namna hiyo.

Upungufu wa damu ulielezeka kwa kukosa madini chuma, lakini ufupi ule na kutobalehe havikuelezeka. Prasad akashuku zinki, wakati ambapo wataalamu wengi hawakuamini kwamba binadamu anaweza kupungukiwa zinki. Taarifa yake ya kwanza ilichapishwa mwaka 1961. Baadaye alihamia Misri, akawakuta vijana wa aina hiyo vijijini, akapima na kuthibitisha. Walipopewa zinki walianza kurefuka na kubalehe.

Vidonge anavyopewa mwanao leo vina historia inayofika hadi kwa vijana wale. Na shida yao ilikuwa na sehemu mbili ambazo zipo hata kwetu. Nafaka nzima ina kitu kiitwacho fitati, ambacho hushikamana na zinki na madini chuma tumboni na kuyazuia yasiingie mwilini. Anayekula nafaka peke yake kila mlo, bila nyama, samaki wala mayai, anakula zinki na kuitoa chooni. Sehemu ya pili ni kwamba nchi nyingi za ukanda ule wa Asia Magharibi zina udongo wenye chokaa nyingi ambao huifunga zinki hata mizizi ishindwe kuinyonya.

Kuhusu kula udongo, tutarudi huko baadaye. Najua kuna kina mama wamesoma sentensi ile wakageuza ukurasa haraka.

Nchi zilizoamua kuutibu udongo

Jirani wa Iran, Uturuki, ana uwanda mkubwa wa ngano uitwao Anatolia ya Kati. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa huko, akiwamo Ismail Cakmak, walionyesha kwamba ngano ya uwanda ule ilikuwa inadumaa kwa kukosa zinki, na kwamba mbolea ya zinki iliongeza mavuno, mahali pengine kwa kiasi kikubwa sana. Viwanda vya mbolea vikaanza kuichanganya zinki kwenye mifuko ya kawaida, na wakulima wakainunua kwa sababu waliona faida shambani. Mkulima aliongeza magunia, na punje zilizoingia kinuni zikawa na zinki zaidi. Hakuhitaji kuhubiriwa lishe.

Finland ilikuwa na kazi ngumu kidogo, maana tatizo lake lilikuwa seleni. Haya ni madini ambayo mwili unahitaji chembe tu, kwa ajili ya kinga, tezi ya shingo na misuli ya moyo. Tofauti na zinki, mmea hauhitaji seleni ili ustawi. Shamba lisilo na seleni kabisa linaweza kutoa ngano nzuri ya kupigwa picha, na mkulima asione kasoro yoyote. Kwa hiyo soko haliwezi kulitatua jambo hili lenyewe, lazima serikali iingie. Katikati ya miaka ya 1980 Finland iliamua kwamba mbolea za mchanganyiko ziongezwe seleni. Kiwango cha seleni katika vyakula na katika damu za wananchi kilipanda, bila mtu kulazimika kumeza kidonge. Na kwa kuwa seleni ikizidi ni sumu, waliweka utaratibu wa kupima vyakula na damu mwaka hadi mwaka. Walipoona imepanda mno, mwaka 1990 walipunguza kiasi kinachotiwa kwenye mbolea.

Nimelitaja hilo la kupima makusudi. Asitokee mtu akanunua vidonge vya seleni mtandaoni baada ya kusoma hapa. Bila kipimo na bila daktari, achana navyo.

Karibu zaidi na sisi, mwaka 2021 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti uliofanyika Ethiopia na Malawi. Watafiti walikusanya nafaka kutoka mashamba ya wakulima na kupima madini yaliyomo. Walikuta kwamba mahali nafaka ilipolimwa paliamua kwa kiasi kikubwa seleni na zinki iliyomo. Bakuli la ugali wa kijiji kimoja si sawa na la kijiji kingine, hata kama unga unafanana kwa rangi na ladha. Malawi tunapakana nayo kwa upande wa Mbeya, Njombe na Ruvuma, na udongo hausimami mpakani kugongewa pasipoti.

Kwenye ghala la taifa

Utafiti wa afya ya uzazi, watoto na malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wao. Utafiti wa 2015-16 ulikuwa umepata asilimia 34, kwa hiyo tumesogea. Lakini tazama mikoa iliyoongoza: Iringa asilimia 57 hivi, Njombe na Rukwa asilimia 50 hivi kila mmoja. Hii ndiyo mikoa inayolisha nchi mahindi, viazi na maharage.

Wengi husema kwa mkato kwamba watu wa huko "hawajui kula". Binafsi sipendi kauli hiyo, inamtwika mama mzigo wote. Udumavu una sababu nyingi. Mtoto huanza kudumaa tumboni kwa mama asiyekula vya kutosha, huendelea kwa mama anayeshinda shambani na kumwachia mtoto uji mwepesi, huongezeka kwa magonjwa ya mara kwa mara na vyoo vibovu. Udongo hauwezi kubebeshwa lawama yote. Hata hivyo sababu hizo zikihesabiwa, udongo husahaulika, nao hauna haki ya kusahaulika.

Nyanda za Juu Kusini hupata mvua nyingi, na sehemu kubwa ya udongo wake una tindikali. Udongo wa namna hiyo huifunga fosforasi, na tindikali ikizidi, alumini huyeyuka na kuunguza mizizi ya mazao. Madini joto nayo huoshwa na mvua za miaka mingi, ndiyo sababu watu wa milimani walikuwa wakivimba tezi la shingo. Ugonjwa huo tuliupunguza kwa kutia madini joto kwenye chumvi. Mlango wa chumvi uliwezekana kwa sababu kila nyumba hununua chumvi. Kwa zinki na madini chuma serikali ilichagua unga: kanuni za mwaka 2011 zinavitaka viwanda kuongeza virutubisho kwenye unga wa ngano na wa mahindi. Lakini mwananchi wa Wanging'ombe au Sumbawanga Vijijini hanunui unga wa kiwandani. Analima, anavuna, anabeba debe kichwani hadi mashine ya jirani. Unga wake una kile tu ambacho shamba lake limetoa.

Na shamba lake linapoteza. Udongo wa juu, zile sentimita 20 za kwanza zenye rangi nyeusi, ndio wenye mabaki ya mimea, wadudu, na sehemu kubwa ya virutubisho ambavyo mizizi inavifikia. Mvua ikipiga shamba lililo wazi kwenye mteremko, huondoka na huo kwanza. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa linasema sentimita mbili hadi tatu za udongo zinaweza kuchukua hadi miaka 1,000 kutengenezeka.

Udongo ulio hai ni duka la dawa pia, na si kwa mfano wa maneno. Streptomycin, dawa ya kwanza iliyoweza kutibu kifua kikuu, ilipatikana mwaka 1943 kutoka kwa kijidudu cha udongoni. Ivermectin, ambayo kaya nyingi za Pwani, Tanga, Lindi na Mtwara zimemezeshwa kwenye kampeni za kuzuia matende na mabusha, asili yake ni kijidudu kilichopatikana kwenye udongo wa Japani miaka ya 1970.

Tulishajaribu, mara kadhaa

Tanzania si mgeni wa kuhifadhi udongo. Wakoloni walijaribu kwa nguvu. Kwenye milima ya Uluguru wananchi walilazimishwa kuchonga ngazi kwenye miteremko. Kazi ilikuwa nzito, tena ngazi zilifukua udongo wa chini usio na rutuba na kuuweka juu. Mwaka 1955 ghasia zilizuka Matombo na mpango ule ukafa. Wakati huohuo Wamatengo wa Mbinga walikuwa na utaratibu wao wa ngoro, mashimo yanayopangwa kama sega la nyuki juu ya mteremko, majani yakifukiwa chini yake, maharage na mahindi yakipokezana. Hakuna bwana shamba aliyewashikia fimbo.

Baada ya uhuru, mwaka 1973, ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO. Vilima vya Irangi huko Kondoa vilikuwa vimechimbika makorongo ya kutisha. Mwaka 1979 serikali iliamua mifugo yote iondoke kwenye eneo la kilomita za mraba 1,256. Nyasi na miti ilirudi kwa kasi iliyowashangaza wengi, na mito ya mchanga ikaanza kutulia. Kwa jicho la ardhi, ulikuwa ushindi. Kwa jicho la afya, ng'ombe walipoondoka waliondoka na maziwa ya watoto na samadi ya mashamba. Ilipofika mwaka 1989 ndipo ufugaji wa ndani uliingizwa, ng'ombe wakarudi wakiwa zizini na kukatiwa majani. Miaka kumi ni mingi kwa mtoto. Aliyezaliwa mwaka ule wa 1979 alikuwa ameshamaliza sehemu muhimu ya kukua kabla maziwa hayajarudi. Mpango wowote wa kitaifa wa kuhifadhi ardhi ungepaswa kuulizwa swali hilo tangu siku ya kwanza: watoto wa hapa watakunywa nini wakati tunasubiri nyasi?

Shinyanga walikwenda kwa njia nyingine. Miti ilikuwa imefyekwa miaka mingi, mingine kwa ajili ya kuua mbung'o, mingine kupisha pamba, na miaka ya 1980 mkoa ukawa unaelekea jangwa. Mradi wa HASHI, ulioanza mwaka 1986, uliwarudisha watu kwenye desturi ya Wasukuma ya ngitili, yaani kutenga sehemu ya malisho isiguswe hadi kiangazi. Mwanzoni ngitili zilizokuwa zimehesabiwa hazikufika hekta 1,000. Kufikia miaka ya 2000 zilikuwa zimezidi hekta 300,000. Mwaka 2002 mradi huo ulipata tuzo ya kimataifa ya Ikweta. Kuni zilisogea karibu na nyumba, matunda pori, asali, uyoga na dawa za mitishamba vikarudi, na ng'ombe wakapata majani wakati wa ukame. Ukitaka kujua maana yake kiafya, hesabu saa ambazo mama mwenye mtoto mchanga hatembei kutafuta kuni.

Turudi katikati ya nchi kwa sababu nyingine, ya huzuni zaidi. Mwaka 2016 watu waliugua ghafla Dodoma na Manyara, macho yakawa ya njano, matumbo yakajaa maji, na takribani watu 20 wakafariki. Chanzo kilikuwa sumukuvu kwenye mahindi. Kuvu wanaotengeneza sumu hiyo wanaishi udongoni na hulishambulia hindi kwa urahisi zaidi likiwa limebanwa na ukame na joto. Udongo wenye samadi na mboji hushika maji, na hindi lililopata maji hupambana vizuri zaidi. Kukausha vizuri na kuhifadhi mahali pakavu bado ndiyo kinga kubwa, lakini kazi ya kuzuia sumukuvu huanza kabla hindi halijaota.

Ruzuku ya mfuko gani?

Viongozi wa Afrika walikutana Abuja mwaka 2006 wakakubaliana kwamba matumizi ya mbolea yafikie kilo 50 za virutubisho kwa hekta. Lengo hilo lilipaswa kufikiwa mwaka 2015, na nchi nyingi hazikulifikia. Mei 2024 walikutana tena Nairobi, na safari hii jina la mkutano liliongezwa maneno "afya ya udongo". Waliahidi pia kwamba angalau asilimia 30 ya ardhi iliyoharibika irudishiwe uhai ndani ya miaka 10. Maneno yale ya nyongeza ni muhimu, kwa sababu mbolea na afya ya udongo si kitu kimoja.

Kwetu, ruzuku iliyoanza msimu wa 2022/23 ilimpa nafuu mkulima aliyekuwa ameshindwa kabisa na bei, na niliifurahia. Tatizo ni kwamba mkulima wa kawaida anarudi nyumbani na vitu viwili, DAP ya kupandia na urea ya kukuzia. Vyote viwili vizuri. Lakini urea ikiwekwa mwaka hadi mwaka bila samadi wala chokaa kwenye udongo ambao tayari una tindikali, tindikali inaongezeka. Mahindi yatazaa kwa muda, huku punje zikiwa hazijaongezewa zinki hata chembe. Kwa maoni yangu, chokaa kilimo na mbolea zenye zinki zinastahili nafasi ya mbele kwenye ruzuku ya mikoa yenye udumavu mkubwa, na ofisa lishe wa halmashauri anastahili kiti kwenye kikao kinachopanga mbolea ya wilaya. Sijui kwa nini ofisi hizi mbili, ambazo mara nyingi zipo kwenye jengo moja, zionane tu kwenye maonyesho ya Nanenane.

Maharage lishe yenye madini chuma mengi na viazi lishe vya rangi ya chungwa vinasaidia, navyo mzazi anayelima avitafute. Ila hata mbegu bora ya maharage haiumbi madini chuma, inajua tu kuyavuta zaidi kutoka pale yalipo.

Jikoni, kliniki na bustanini

Mzazi hawezi kungoja sera. Kuna mengi anayoweza kuyafanya na hayahitaji fedha nyingi.

La kwanza ni fitati ile ya vijana wa Shiraz. Loweka maharage usiku kucha na umwage maji yake kabla ya kupika. Uji wa mtoto uliochachushwa, au uliotiwa unga wa kimea, huachia zinki na madini chuma zaidi kuliko uji wa kawaida. Bibi zetu waliojua togwa hawakuwa wanapoteza muda. Sembe lililokobolewa linapoteza madini mengi pamoja na pumba. Dona lina madini zaidi na fitati zaidi, kwa hiyo dona liende na mboga, matunda na dagaa. Dagaa wanaosagwa wazima na kutiwa kwenye uji wa mtoto aliyefikisha miezi sita ni chanzo kizuri cha zinki na madini chuma kwa familia isiyo na uwezo wa nyama. Wanatoka ziwani au baharini, hivyo hawategemei shamba lako. Chai ya rangi usiinywe na mlo, isubiri saa moja au mbili, maana inazuia madini chuma.

Ukienda kliniki, usiridhike na uzito peke yake. Omba mtoto apimwe urefu na uonyeshwe kwenye kadi anapoangukia. Udumavu hauonekani kwa macho katika kijiji ambacho watoto wengi ni wafupi.

Sasa kina mama wajawazito na udongo wa kula, ule unaouzwa sokoni kwa jina la pemba. Hamu hiyo si utovu wa adabu wala wazimu. Mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa damu, na haijulikani kila wakati kipi kimetangulia. Lakini udongo ule unaweza kushika madini chuma tumboni yasiingie mwilini, unaweza kuwa na mayai ya minyoo, na vipimo vilivyofanywa nchi mbalimbali vimekuta madini ya risasi na aseniki kwenye baadhi yake. Risasi inamfikia mtoto tumboni. Mwambie muuguzi wazi kwamba unakula udongo, na kama unakula vipande vingapi kwa siku. Apime wingi wa damu, akupe FEFO na dawa ya minyoo kwa wakati wake, na umeze FEFO zote. Wengi hamu huwapungua damu inapopanda.

Wenye bustani nyumbani, watoto wavae viatu, kwa sababu minyoo ya safura huingia kupitia ngozi ya nyayo. Samadi mbichi isiwekwe kwenye mchicha unaokaribia kuvunwa. Irundikwe kwanza ioze hadi ipoteze harufu na joto. Kinyesi cha binadamu kisiwekwe kabisa. Kwa wakazi wa mijini, mboga zilizolimwa kwenye mabonde yanayopokea maji machafu ya viwanda hazisafishiki kwa kuoshwa, kwa kuwa metali nzito zimo ndani ya jani. Tafiti zilizofanywa kwenye bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, zimekuta metali hizo. Muulize muuza mboga zimetoka wapi, na ukilima mwenyewe kwenye gunia la udongo mzuri ni bora zaidi.

Kwa anayelima chakula cha familia yake, pima udongo kabla ya msimu. Tembea shamba kwa mtindo wa zigizaga, chimba sehemu 10 hadi 15 kwa kina cha sentimita 20, epuka palipokuwa na zizi, kichuguu au jalala. Changanya udongo wote kwenye ndoo safi ya plastiki, maana ndoo ya bati lililopakwa zinki itakudanganya, kisha anika kivulini na uchukue kama kilo moja. Andika jina la shamba na zao ulilovuna mwisho. Mpelekee ofisa ugani wa kata. Baadhi yao wana vifaa vya kupimia tindikali na virutubisho vikuu papo hapo. Vipimo vya kina zaidi hufanyika maabara, kama ile ya TARI Mlingano mkoani Tanga au ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Uliza gharama mapema, na unapokabidhi mfuko wako taja kwa jina kwamba unataka na zinki ipimwe, kwa sababu kipimo cha kawaida mara nyingi hakiijumuishi.